Binti yangu anaitwa "tanki" shuleni

Shikamoo anti. Binti yangu yuko darasa la 5 hapa Masasi, wenzake wanamwita tanki na juzi hata mwalimu kamtania mstarini watoto wote wakacheka. Sasa uji wa asubuhi hanywi, ming'oko aliyokuwa akiipenda hataki hata kuiona, na sketi anaivutavuta afunike mapaja. Nimpunguzie chakula?
Mama K, Masasi

Marahaba mdogo wangu. Usimpunguzie, tena usithubutu. Umri huo mabinti wengi wananenepa kidogo kabla ya kuvunja ungo, mwili unajiandaa, na uzito wa mtoto hausomwi kama wa mtu mzima, unalinganishwa na umri, urefu na jinsia, WHO wana chati zao za miaka 5 hadi 19 tangu 2007, kwahiyo kama una wasiwasi mpeleke kituo cha afya apimwe na usisikilize majirani. Akishinda njaa mchana jioni atafakamia, halafu darasani atasinzia tu.

Huyo mwalimu ndo kaniudhi kweli. Nenda mwenyewe, usitume mtu, kaa na mwalimu wa darasa na mkuu wa shule uwaambie neno lililosemwa na siku lililosemwa, wakikupiga chenga peleka kwenye kamati ya shule. Na nyumbani mashangazi waache ule utani wa "mama bonge", najua huku kwetu tunataniana sana ila yeye hacheki. Kuleni sahani moja, muulize ya shule, ya mwili achana nayo.