Mwanangu anampiga dada yake. Ni damu ya baba yake?

*Shangazi, mwezi wa nne sasa nimemwacha mume wangu, nimerudi kwa mama Morogoro. Nina binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Baba yao alipokuwa ananipiga, dada alimvuta mdogo wake uvunguni, akamziba masikio. Huku tuna amani, ila mtoto anampiga dada yake makofi na mateke, naye hasemi kitu. Bibi yao anasema ni damu ya baba. Kweli? – Mama wa Wawili*

Pole mwanangu, na hongera kwa kutoka.

Si damu. Mtoto wako amekulia kwenye nyumba ambayo anayepiga ndiye anayesikilizwa. Anampiga dada kwa sababu ana uhakika huyo hatamkimbia. Nakusihi, "wewe kama baba yako" lisisikike tena hapo nyumbani, na mama yako umwombe kwa heshima naye aliache. Akinyanyua mkono, mshike, mwambie: "Hapa hapigwi mtu, hata wewe." Na kweli usimchape. Ukichukua fimbo, umemwonyesha yale yale aliyoyaona kwa baba yake.

Lakini aliyeninyima usingizi ni binti. Mikono yake ilikuwa kwenye masikio ya mdogo wake. Ya kwake nani aliyaziba? Alisikia yote. Ukimya wake usiuite upole. Bado yuko kazini, analinda. Mwambie waziwazi: "Ulinisaidia kazi yangu, asante mwanangu. Sasa nimeishika mwenyewe." Kisha mtafute mkiwa wawili tu, mnachambua mchele, usimhoji. Atasema siku yake ikifika.

Watakaokushauri umpeleke mdogo kwa mjomba, wakatalie. Hakuna mwingine anayeujua uvungu ule isipokuwa hao wawili.

Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au piga 116, simu ya watoto, ni bure. Hata binti anaweza kupiga mwenyewe. Baba yao akija na vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, usingoje akuguse.

Jioni ya leo muogeshe mdogo wewe mwenyewe. Dada akija kushika kopo, mwambie aende akacheze.