Upana wa picha uliokatwa kwenye skani ya Super 16

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za filamu za Mlima Meru zimerudi kutoka kuskaniwa, yaani kunakiliwa kwenye kompyuta, zikiwa nyembamba kuliko ulivyotarajia: upana wake haujapotea, bali umekatwa wakati wa kuskani. Bolex (kamera ya filamu ya milimita 16) iliyopanuliwa dirisha, yaani uwazi unaopitisha mwanga hadi kwenye filamu, kuwa Super 16 (muundo wa picha pana zaidi kwenye mkanda uleule) huandika picha yenye upana wa milimita 12.52 badala ya 10.26 za kawaida, na sehemu hiyo ya ziada huangukia kwenye ukingo uliokuwa umetengwa kwa ajili ya njia ya sauti, ukingo ambao skana iliyopangwa kwa milimita 16 za kawaida huuacha nje. Nina kamera ya namna hiyo hapa Moshi, na huwa nahakikisha kwa kuuweka mkanda dhidi ya mwanga wa dirisha la nyumba na kuutazama kwa lenzi ya kukuzia: picha ikikaribia kabisa ukingo usio na matundu ya kuvutia mkanda, basi sehemu ya ziada ipo. Waombe waskani upya kwa upana wote wa mkanda, pamoja na kingo na matundu, kisha ukate mwenyewe kwenye kompyuta.

Hayo yote yanategemea kwamba ulitumia mkanda wenye matundu upande mmoja tu, kwa maana ukiwa na matundu pande zote mbili yataonekana ndani ya picha, na hapo hakuna skana itakayokusaidia. Pembe zikiwa na giza upande mmoja, chunguza kama fundi aliisogeza lenzi ifuate kitovu kipya cha picha iliyopanuliwa. Wengi hupanua dirisha na kuishia hapo.