Malengo ya kocha kwa msimu mpya
Dada kocha, pole na kazi. Unasema wasichana wa kikundi chako cha kushangilia timu hapo Kamalondo, Lubumbashi, wanakutii lakini hawakufurahii, na unatafuta malengo ya msimu mpya. Ningeanza na mdomo wako, si miguu yao. Mwombe mtu akurekodi kwa simu zoezi zima, kisha usikilize: unawaita kwa majina, au ni makelele tu? Kujisikiliza kunauma, ila kuna faida.

Kurusha msichana juu kwenye saruji, hapana. Tafuteni nyasi au magodoro, na nyuma ya anayerushwa asimame mtu ambaye kazi yake ni kulinda kichwa na shingo tu. (Ile piramidi ya kupandana mabegani mnayoiona kwenye video, sahau kwanza.) Nawe jifunze huduma ya kwanza kabla mvua za Novemba hazijaanza; ulizia Msalaba Mwekundu.