Mkeo Naye Amefiwa

*Shangazi, shikamoo. Baba yangu alifariki miezi 14 iliyopita baada ya kuugua kiharusi kwa miaka miwili, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua: kwamba mtu hupimwa kwa ahadi zake, kwamba deni hulipwa kabla mwenyewe hajalidai, kwamba mzee haachwi peke yake. Maneno yake nayaandika mitandaoni kila asubuhi, na jioni nawasomea wanangu ili wasimsahau babu yao. Mke wangu hana habari. Huwa namsikia akicheka kwenye simu na dada zake kana kwamba hapakutokea kitu. Katika kumbukumbu ya mwaka mmoja, nilipokuwa nikitoa hotuba ya kuwashukuru madaktari, ndugu na marafiki, alitoka nje mbele ya watu wote, na usiku nilipomuuliza alinijibu kwamba baba hakuwa huyo ninayemsimulia. Neno hilo limeniuma mno. Kazi yangu ni ya safari, hivyo wakati wa ugonjwa nilikuja kila nilipoweza, lakini yeye alikuwa nyumbani naye muda wote na ndiye aliyemhudumia, ndiyo maana nashangaa moyo wake ulivyo mgumu. Rafiki yangu mmoja msomi ananiambia kuwa niko katika hatua ya hasira na kwamba itapita. Je, nimwambie mke wangu aende kwao kwa muda ili niomboleze kwa utulivu?*

*Yatima wa Baba Mwema*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kumpoteza baba uliyempenda ni pigo ambalo umri haulipunguzi, na asikudanganye mtu kwamba mwanamume mwenye watoto wake hapaswi kumlilia mzazi wake. Mlilie. Hapo niko upande wako. Tunapoachana ni pale unapomtaja mkeo, kwa sababu kila ninapoirudia barua yako namwona humo mtu mwingine aliyefiwa, ambaye hukumpa hata neno moja la pole.

Umeandika kwamba mkeo alikuwa nyumbani na baba yako muda wote na ndiye aliyemhudumia. Maneno hayo umeyapitisha haraka, katikati ya sentensi inayoeleza safari zako, kisha ukayatumia kuwa ushahidi wa ugumu wa moyo wake. Mimi siwezi kuyaacha yapite hivyo. Mgonjwa wa kiharusi aliyelala kitandani hugeuzwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, ili mwili usifanye vidonda. Hulishwa taratibu, akiwa ameinuliwa, kwa sababu koo huweza kupoteza nguvu ya kumeza na chakula kikaingia katika njia ya hewa. Huogeshwa, hubadilishwa nguo, hunyooshwa viungo visikakamae, na mara nyingi ulimi wake humwacha, hata anayemuuguza akalazimika kujifunza upya namna ya kumwelewa. Kazi hiyo mkeo aliifanya kwa mwili wa mwanamume ambaye hakumzaa, ambaye heshima ya mkwe ilimtaka amkalie mbali, na ambaye ugonjwa ulimvunjia aibu zote mbele yake. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe, mwanangu, kitanda kile hukukilalia.

Sasa tulitazame neno lililokuuma. Aliposema kwamba baba hakuwa huyo unayemsimulia, wewe ulisikia tusi kwa marehemu. Mimi nasikia mtu anayedai sehemu yake ya kumbukumbu. Wewe unamsimulia mzee imara, mwenye jibu kwa kila swali, lakini mkeo alikaa na mzee aliyeogopa usiku, aliyesahau majina, na ambaye pengine alilia bila kuweza kujizuia, kwa maana kiharusi huweza kumfanya mgonjwa alie au acheke ghafla pasipo yeye kupenda. Inawezekana sana kwamba katika udhaifu ule baba yako alisema mambo ambayo hukuwahi kuyasikia: akaomba radhi, akashukuru, akamtaja mama yako, akasema anachokiogopa. Hayo nayo ni mafundisho, tena huenda ndiyo ya ndani kabisa, na mwenye kuyahifadhi ni huyo unayetaka kumrudisha kwao.

Nenda kwenye hotuba yako. Umeniandikia mwenyewe kwamba uliwashukuru madaktari, ndugu na marafiki. Nimemtafuta mkeo katika orodha hiyo na sikumwona. Nadhani naye aliketi akisubiri jina lake hadi alipotambua kwamba halitatajwa, akainuka. Unaona kwamba alikuaibisha mbele za watu. Hukumu yangu ni kwamba wewe ndiye uliyeanza kumwaibisha, kwani kila aliyekuwa pale alijua nani alimgeuza mzee yule kitandani, na kila mmoja alisikia ukimruka. Baba yako alikufundisha kwamba deni hulipwa kabla mwenyewe hajalidai. Mkeo ameshalidai, kwa miguu yake, mbele ya ukoo mzima, na wewe bado unauliza kama ana moyo.

Kuna jambo jingine ambalo nitalisema kwa upole, ingawa silegezi. Umeandika kwamba ulikuja kila ulipoweza, na katika fundisho la tatu la baba yako umetaja kwamba mzee haachwi peke yake. Sentensi hizo mbili zimekaa mbalimbali katika barua, lakini nahisi ndani ya kifua chako zinagombana kila usiku, na huenda ndizo zinazokunyima usingizi. Kujilaumu baada ya kufiwa ni jambo la kawaida mno, hata kwa waliokesha kando ya mgonjwa, sembuse aliyekuwa safarini. Sikuhukumu kwa kazi yako. Dawa zilinunuliwa kwa fedha, na fedha haikuja yenyewe. Ninachokukataza ni kumgeuzia mkeo lawama inayokuhusu wewe. Yeye ndiye shahidi wa kutokuwepo kwako, na ni rahisi kumchukia shahidi kuliko kukiri kwamba kuna usiku ulipaswa kuwa pale na hukuwepo. Kumwondoa nyumbani hakutaufuta usiku huo.

Mwambie rafiki yako msomi kwamba zile hatua tano, za kukana, hasira, kubembeleza majaliwa, huzuni nzito na kukubali, zilielezwa mwaka 1969 na daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya waliofiwa, na wengi waliofiwa hawazipiti kwa mpangilio huo, wala si lazima wazipite zote. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya hatua ya hasira ukingoje ipite huku mkeo akiipokea hasira yenyewe. Itakupasa uishughulikie.

Na kicheko chake kwenye simu? Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi: muda fulani huzama katika uchungu wa aliyeondoka, muda mwingine hugeukia maisha yanayoendelea, kazi, watoto na maongezi, kisha huurudia uchungu. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha mtu kuubeba msiba bila kuvunjika. Mkeo anapocheka na dada zake hajamsahau mkwewe. Anapumua. Tena jiulize kwa nini kicheko na pengine kilio chake huvipeleka kwa dada zake wala havileti kwako. Katika nyumba ambamo huzuni ina mwenyewe mmoja, wengine hujifunza kuificha yao.

Hili haliko kwako peke yako, na niruhusu niliseme kwa wanandoa wengine wanaosoma hapa. Ndoa nyingi za siku hizi zimegawana kazi kwa namna ya ajabu: mzazi ni wa mume, uuguzi ni wa mke, na msiba ukitokea sifa na pole hurudi kwa mume. Mwanamke anaacha shughuli zake, anapoteza usingizi na afya, na siku ya maziko anaonekana yuko jikoni. Wapo pia wanaume wanaowauguza wazazi wa wake zao, nao husahaulika vivyo hivyo. Halafu tumeongeza tabia ya kuwaandikia marehemu barua ndefu mitandaoni, zikasomwa na mamia ya watu, ilhali aliye kitanda kimoja nasi hajapata kuulizwa hata siku moja, "Na wewe, msiba huu umekukaa vipi?" Pole za watu usiowajua ni nyepesi kuzipokea kwa sababu hazikudai kitu. Mwenzi wa ndoa anakudai, na ndiyo maana wengi wanamkimbia.

Basi sikia la kufanya. Tafuta saa ambayo watoto wamelala, weka simu mbali, umwambie mkeo hivi: "Nilikosa. Wewe ndiye uliyemuuguza baba, nami sikukutaja. Nisamehe." Usiweke "lakini" baada ya hapo, wala usimweleze habari za safari zako. Akilia, mwache alie. Akikasirika, vumilia, kwa sababu amebeba hasira yake muda mrefu. Siku nyingine, akiwa tayari, mwombe akusimulie miaka ile miwili, nawe usimsahihishe hata pale baba wa simulizi yake atakapokuwa mdogo kuliko baba wa hotuba yako. Kisha waite ndugu zako, watu wale wale waliomwona akitoka nje, useme mbele yao kile ulichopaswa kukisema siku ile. Shukrani ya chumbani haitoshi kwa kosa la hadharani.

Watoto nao wapumzishe. Wewe mwenyewe hukujifunza kulipa deni kwa kusomewa maneno kila jioni, bali ulimwona baba yako akilipa. Mtoto anayelazimishwa kusikiliza maneno ya babu yake akiwa na usingizi ataanza kuyachukia, na babu mwenyewe atamponyoka. Waulize wao wanamkumbuka kwa lipi, na usishangae wakikutajia mambo madogo, kama alivyokohoa au alivyowaita majina ya utani. Wakikuona unamwomba mama yao radhi, watakuwa wamepata kutoka kwa babu yao kitu kikubwa kuliko yote uliyowasomea.

Kuhusu usingizi, usinisikilize mimi peke yangu. Mwainisho wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua kuwa maombolezo yanaweza kugeuka ugonjwa, pale hamu ya marehemu au kumfikiria bila kukoma kunapodumu zaidi ya miezi 6, kukapita kiasi cha mila na imani ya jamii ya mfiwa, na kukamharibia kazi, afya na mahusiano. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka huo huo, wameweka miezi 12 kwa mtu mzima. Sisemi kwamba unaumwa. Wewe umefikisha miezi 14, hulali, na umefika mahali pa kutaka kumhamisha mkeo ili ubaki na marehemu, basi muone daktari au mshauri nasaha mapema na umweleze yote, pamoja na yale uliyoniandikia kwa kupitisha haraka.

Na jibu la swali lako ni hapana. Usimwambie aende kwao. Mwanamke aliyemzika mkwewe baada ya kumuuguza miaka miwili haondolewi katika nyumba hiyo ili mtu mwingine apate utulivu. Ikiwa yeye mwenyewe atataka kwenda kupumzika kwa dada zake, mpe nauli, omba likizo kazini na ubaki na watoto wewe, lakini hilo liwe baada ya mazungumzo yenu, na tarehe ya kurudi aipange yeye.