Je, Vidonda vya Tumbo Bado Vinahitaji Upasuaji?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwaka 1974 marehemu baba yangu alipasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, akaondolewa sehemu ya tumbo. Mimi nimekutwa na ugonjwa huo huo, lakini nimepewa vidonge vya siku 14 tu. Je, nimepuuzwa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hukupuuzwa. Zamani madaktari waliamini kwamba chanzo cha vidonda ni asidi iliyozidi, na kwa kuwa hawakuwa na dawa ya kuizuia ipasavyo, walikata sehemu ya tumbo au, kwa njia aliyoianzisha daktari mpasuaji Lester Dragstedt huko Chicago mwaka 1943, walikata neva za vagasi zinazochochea utoaji wa asidi. Wengi walipona, ila baadhi yao walibaki na kuharisha, jasho na kizunguzungu kila walipomaliza kula, na wengine upungufu wa damu. Huenda uliyaona hayo kwa mzee wako.

Simetidini, dawa ya kupunguza asidi iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1976, ilipunguza sana upasuaji huo, lakini mgonjwa alipoiacha, mara nyingi vidonda vilirudi. Ndipo mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walipofanikiwa kuotesha bakteria wa tumboni ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Kwa kuwa wengi hawakuwasadiki kwamba bakteria hao ndio huleta vidonda, Marshall aliwanywa bakteria hao mwaka 1984, akapata uvimbe wa tumbo. Ujasiri huo bado hunigusa.

Kwa hiyo antibiotiki ulizopewa, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, zinaung'oa ugonjwa kwenye mzizi ambao kisu hakikuufikia. Zimalize zote hata maumivu yakikoma mapema, kisha baada ya wiki 4 rudi upimwe kinyesi kuthibitisha kwamba bakteria wamekwisha. Usinywe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kumwuliza daktari, kwani nazo huleta vidonda.

Upasuaji umebaki kwa dharura na matatizo makubwa: kidonda kilichotoboka, damu isiyozuilika hata kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni), au njia ya chakula kuziba. Kilichotoboka hushonwa na kuzibwa kwa kipande cha utando wa mafuta ya tumboni, mara nyingi bila kuondoa tumbo. Ukipatwa na maumivu makali ya ghafla, tumbo likakakamaa kama ubao, au ukatapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyo hiyo, bila kula wala kunywa kitu.