Jibu: Akili mnemba kuendesha Reaper

Mkuu, umeuliza kama akili mnemba inaweza kuiendesha yenyewe Reaper (programu ya kurekodi na kuhariri muziki), siyo kukupa maelekezo tu. Inaweza. Reaper inakubali skripti, yaani amri zilizoandikwa kwa lugha za Lua, EEL2 na Python, kwa hiyo kinachobaki ni daraja la kuiunganisha na akili mnemba. Wengi wanatumia MCP, utaratibu wa kuunganisha akili mnemba na programu nyingine ambao kampuni ya Anthropic waliutoa Novemba 2024: unaweka kiprogramu kidogo kwenye kompyuta, kinapokea ombi la msaidizi (hiyo akili mnemba) na kuligeuza kuwa amri, mfano fungua treki mpya au weka tempo 96.

Ila usitegemee masikio yake. Kwa njia hii hasikii muziki, anasoma namba tu. Juzi hapa Mwanga, Kigoma, nilimwambia "punguza besi", akashusha treki nzima ya gitaa la besi, na mimi nilikuwa naongelea besi kwenye sauti ya mwimbaji! Ctrl+Z (kutengua) ikaniokoa. Sasa nasema hivi: "treki 4, hezi 200, toa desibeli 2."

Projekti itolee nakala kwanza, maana bando likikata katikati kazi inabaki nusu. Mimi namwachia kubadili majina ya treki 30 na kuzipanga rangi. Miksi nafanya mwenyewe.