Maji kwenye moyo wa mtoto tumboni

Shikamoo daktari. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, mimba ina wiki 24. Ultrasaundi imeonyesha maji kuzunguka moyo wa mtoto. Wifi anasema hataishi. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Wifi amekutisha mapema mno. Maji membamba, chini ya milimita 2, ni kawaida. Yakizidi kidogo, ila moyo umeumbika vizuri na hakuna maji kwingine, mara nyingi hukauka yenyewe na mtoto huzaliwa mzima. Ninachohofia ni maji mengi, au yakiambatana na ngozi ya mtoto kuvimba, kasoro ya moyo wake, mapigo yasiyo sawa au upungufu wake wa damu. Omba rufaa Hospitali ya Bugando, moyo ukaguliwe kwa kina. Upimwe kaswende pia, maana nayo huweza kuleta maji hayo. Inatibika kwa sindano ya penisilini. Mtoto akipunguza kucheza, tafadhali usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.